"Mimi Nani?": Historia Fupi ya Linki Mbaya Kutoka kwa Mtu Mzuri

Wadau, hebu nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio tukifika kwenye historia msije mkadhani najifanya mjuaji.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Niko Kombani pale njia panda, nangoja matatu ya kunirudisha Ng'ombeni. Simu ikalia. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, yule tuliyekuwa tukigawana viazi karai mpaka tunalamba karatasi. "Niaje. Mdogo wangu yuko kwenye mashindano ya kuchora. Nisaidie kura moja tu, ni sekunde kumi." Chini yake, linki.

Nikabofya. Manake ni yeye. Picha ni yake, jina ni lake, na mdogo wake kweli anachora. Ukurasa ukafunguka, picha za watoto wameshika michoro yao, nikaambiwa niweke namba ya simu ili nisipige kura mara mbili. Nikaweka. Ikaja SMS yenye namba sita. Nikaziandika pale walipozitaka. "Asante kwa kura yako." Nikapanda matatu nimeridhika kama mtu aliyetoa sadaka.

Nilipofika nyumbani WhatsApp ilikuwa imenitoa nje. Nikadhani ni bando limeisha. Saa tatu usiku shangazi yangu akanipigia.

"Mwanangu, ile pesa imefika? Daktari amesemaje?"

Pesa gani? Daktari gani?

Kumbe kuna mtu alikuwa amekaa ndani ya jina langu tangu saa moja, anaandikia karibu kila mtu kwenye simu yangu kwamba nimepata ajali ya boda na hospitali inataka pesa kwanza. Shangazi ndiye mweka hazina wa chama chao cha kina mama. Alitoa shilingi 6,500 kwenye kapu la chama, akatuma kwa namba aliyopewa, akisema moyoni atazirudisha Jumatatu kabla mtu hajauliza. Tulipojaribu kuzirudisha zilikuwa zishatolewa kitambo.

Nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe: "Kwa nini hukunipigia kwanza, shangazi?"

Akanijibu kwa sauti ya chini: "Ningekuuliza nini, mwanangu? Si ulikuwa ni wewe?"

Hilo jibu halijanitoka mpaka leo. Nikaanza kusoma nyuma, nikitaka kujua hii kitu ilianza lini. Nilidhani nitaishia mwaka 2010 hivi. Nikajikuta Lindi, mwaka 1908.

Ujumbe uliosambaa kabla ya simu

Mwaka 1908 Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma, na serikali ya kikoloni bado ilikuwa inashtuka hata mlango ukigongwa. Katikati ya mwaka huo barua ikaanza kuonekana Lindi, kisha miji mingine ya pwani, kisha bara. Leo wanahistoria wanaiita Barua ya Makka.

Ndani ya barua hiyo mtu anayeitwa Sheikh Ahmad, aliyetajwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina, anasimulia kwamba alimwona Mtume usingizini. Akaonywa kuwa watu wamezidi kufanya dhambi na Kiyama ki karibu. Halafu sasa inakuja ile sehemu ambayo wewe na mimi tunaijua vizuri kabisa: anayeisoma ainakili na kuipeleka kwa wengine. Atakayefanya hivyo atapata heri, na atakayeipuuza atapata balaa.

Umeiona? Hiyo ni "tuma kwa watu kumi" kabla ya mtu yeyote pwani hii kuwa na simu mfukoni.

Wajerumani walipaniki. Waliona kama Maji Maji ya pili inapikwa. Wakatafuta kichwa cha njama, na shaka yao ikamwangukia Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa na nguvu Ujiji miaka ya 1880 na ambaye wakati huo alikuwa akiishi Zanzibar. Kwao ilikuwa lazima awepo mtu mmoja mwovu anayevuta kamba.

Lakini barua yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko hofu yao. Mwanazuoni Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alikuwa ashaandika mwaka 1884 kuhusu wasia wa namna hiyohiyo uliokuwa ukizunguka Indonesia. Na haikufa baada ya 1908. Miaka mingi baadaye Sheikh Ibn Baz, mwanachuoni mkubwa wa Saudia, aliandika kuukanusha rasmi na kuwaambia Waislamu ni uzushi. Nyanya yangu anakumbuka karatasi kama hizo zikipitishwa hapa Matuga, zimepigwa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zimefifia. Mimi mwenyewe nimeipata kwenye grupu la familia, tena mara mbili.

Sasa sikiza. Kitu kilichonishika si Sheikh Ahmad. Hakuna mtu hata mmoja Lindi aliyepokea barua mkononi mwa Sheikh Ahmad. Waliipokea kwa jirani, kwa shemeji, kwa mwalimu wa chuo, kwa mtu waliyeswali naye safu moja. Jina kubwa la mbali lilifanya barua iogopewe, lakini mkono wa karibu ndio ulioifanya ifunguliwe. Na huyo wa karibu hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakutakia heri na anakuepusha na balaa. Wajerumani walimtafuta mtu mbaya mmoja, kumbe barua ilikuwa inabebwa na watu wazuri wengi.

Barua ya mapenzi kutoka Manila

Ruka mpaka tarehe 4 Mei 2000. Watu duniani wanafungua kompyuta kazini asubuhi na kukuta barua pepe yenye kichwa kinachosema "ILOVEYOU". Mtumaji ni mtu wanayemjua: bosi, mteja, yule dada wa ofisi ya pili. Ndani kuna faili linaloonekana kama barua ya kawaida. Jina lake kamili liliishia na herufi tatu, vbs, zinazoonyesha kwamba ni programu, lakini kompyuta nyingi za Windows wakati huo zilikuwa zinaficha mwisho wa jina la faili. Ukilifungua, linaharibu picha zako, linatafuta maneno yako ya siri, halafu linajituma lenyewe kwa kila mtu aliye kwenye orodha yako ya anwani. Kwa jina lako.

Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa kwa siku chache. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake. Nyayo zikafuatwa mpaka Manila, Ufilipino, kwa kijana mwanafunzi wa kompyuta anayeitwa Onel de Guzman. Waendesha mashtaka wakakwama, manake Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Mashtaka yakafutwa. Sheria ilipitishwa Juni mwaka huohuo, lakini haingeweza kurudi nyuma kumshika.

Miaka 20 baadaye de Guzman alikubali kwa mwandishi Geoff White kwamba ni yeye. Na sababu yake? Alikuwa hana pesa ya intaneti. Alitaka kuiba maneno ya siri ya watu ili aingie mtandaoni bure. Yaani kilichoutikisa ulimwengu ni kijana aliyekosa bando. Sicheki, manake sote tunajua ile hali.

Tofauti na barua ya 1908 ni moja tu, lakini ni kubwa. Kule Lindi ilibidi mtu akae chini, achovye kalamu, anakili. Alikuwa na nusu saa ya kujiuliza. Mwaka 2000 mtu hakuhitajika tena kukubali. Akifungua tu, ameshatuma.

Nyaya zilipofika Mombasa

Kwetu sisi mengi ya hayo yalipita mbali, kwa sababu intaneti ilikuwa ya satelaiti, ya polepole na ya bei. Mambo yaligeuka 2009. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka huo. Mtu aliyesimama Likoni akingoja feri alikuwa anatazama maji yaleyale yaliyoleta barua na majahazi, na sasa yanaleta intaneti kwa waya. Bei ikashuka, simu za bei nafuu zikaja, na kizazi chetu kikaingia Facebook.

Huko tukakuta mtego ushatangulia. Kuanzia 2008 kulikuwa na kirusi kinaitwa Koobface (ni herufi za Facebook zimepanguliwa). Rafiki anakutumia ujumbe kwamba umeonekana kwenye video fulani. Unabofya, unaambiwa programu yako ya kuchezea video imepitwa na wakati, pakua hii mpya. Unapakua. Sasa wewe ndiwe unayewatumia wenzako. Januari 2012 Facebook iliwataja hadharani watu 5 wa St. Petersburg, Urusi, kuwa ndio waliokuwa nyuma yake.

Angalia jinsi chambo kinavyobadilika. 1908 ni hofu ya Kiyama. 2000 ni mapenzi. 2008 ni umbea, "njoo uone ulivyoonekana". Ijumaa ile pale Kombani kwangu kilikuwa huruma kwa mtoto anayechora. Hakuna hata kimoja kinachotegemea ujinga wako. Vyote vinategemea kwamba wewe ni binadamu.

Jina lako lilipoanza kuwa na bei

Hapa ndipo historia ya Kenya inaachana kidogo na ya wengine. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa. Sitaeleza, hata mtoto wa darasa la pili hapa Waa anajua kutumwa dukani na simu. Lakini fikiria ilibadilisha nini kwenye hadithi hii.

Kabla ya hapo, ujumbe wa uongo kutoka kwa rafiki ungekupotezea muda, au ungeharibu kompyuta ya ofisi. Kutoka neno hadi pesa kulikuwa na safari: uende posta, upange foleni, umtafute mtu wa basi. Njiani humo ungeweza kukutana na mhusika mwenyewe yuko mzima anakunywa chai. Baada ya 2007 safari hiyo ikafa. Neno "nisaidie" na shilingi 6,500 zikawa kwenye kifaa kimoja, dakika moja.

Kwa hiyo mwizi hana haja tena na kompyuta yako. Anataka jina lako na picha yako, na ile namna shangazi yako anavyokuamini. Zile namba sita nilizoandika hazikuwa kura. Zilikuwa ufunguo wa WhatsApp yangu, zilizotumwa kwangu kwa sababu mtu mahali fulani alikuwa ameandika namba yangu kwenye simu yake. Linki yenyewe haikuwa na kirusi chochote. Kilichofungua mlango ni vidole vyangu.

Na sheria ipo, tusidanganyane. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inataja wazi kosa la kutengeneza tovuti au kutuma ujumbe ili kumlaghai mtu atoe siri zake: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sisi hatuko kama Ufilipino ya 2000. Lakini sheria inafika baada ya pesa kuondoka, na kapu la chama halijazwi na kifungu cha sheria.

Mtu ambaye hakubofya

Wengi wetu Kwale tuna ndugu Ghuba, kwa hivyo hii nataka muisome polepole. Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, alipata SMS mbili zenye linki zikimuahidi siri mpya kuhusu watu wanaoteswa magerezani nchini kwake. Kwa mtu kama yeye, hicho ni chambo kilichopikwa kwa mkono. Hakubofya. Alizituma kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto. Wao na kampuni ya Lookout wakagundua kwamba angebofya tu, iPhone yake ingegeuka kinasa sauti mfukoni mwake. Programu hiyo inaitwa Pegasus. Baada ya siku kama kumi Apple ikatoa marekebisho kwa watumiaji wake wote duniani.

Mansoor mwenyewe alikamatwa mwaka uliofuata, akahukumiwa miaka 10. Historia haimalizi vizuri kila mara. Lakini simu zilizibwa tundu kwa sababu mtu mmoja alipata ujumbe wa shaka na badala ya kuufuta kimyakimya, akasema.

Na hapo ndipo ninapoona haya zaidi. Mimi sikusema. Shangazi alipokata simu saa tatu usiku, nilijua tayari kilichotokea. Ningeweza kupiga simu kumi, kuweka SMS, kumwambia binamu yangu atangaze kwenye magrupu. Nikalala na aibu yangu. Niliwaza watu watasema nini: huyu si ndiye anatengeneza video za kuelimisha watu? Asubuhi nikagundua kijana mmoja wa mtaa wetu, anayebeba abiria kwa boda, alituma shilingi 1,500 saa nne na nusu usiku. Saa moja na nusu *baada* ya mimi kujua. Zile 6,500 ni za mwizi. Hizo 1,500 naziona ni zangu.

Methali mbili zinazotupotosha

Ukiibiwa hivi, watu wana methali mbili mdomoni. Ya kwanza: "Wajinga ndio waliwao." Mimi siikubali hapa. Shangazi ameshika pesa za kina mama kwa miaka bila senti kupotea. Aliliwa kwa sababu ana huruma, na mwizi alijua hilo. Tena hii methali ndiyo inayowafunga watu mdomo. Nani atajitokeza haraka kusema ameibiwa kama zawadi yake ni kuitwa mjinga? Kila saa unayokaa kimya kwa aibu, mwizi anakushukuru.

Ya pili: "Kikulacho ki nguoni mwako." Hii ilinifanya nimnunie rafiki yangu wiki nzima. Kumbe naye alikuwa ameibiwa Alhamisi kwa linki ileile, kutoka kwa mwalimu wake wa zamani. Ujumbe niliopata haukuwa wake kama vile uliofika kwa shangazi haukuwa wangu. Tulikuwa foleni moja, yeye mbele yangu hatua moja. Wajerumani walikosea hapohapo: walidhani aliyekukabidhi barua ni sehemu ya njama.

Kuna kitu kingine cha pwani ambacho ni bora kuliko methali zote mbili. Mtu akija mlangoni anapiga hodi. Unauliza, "Nani?" Anajibu, "Mimi." Na hata mtoto wa miaka mitano anajua kuendelea: "Mimi nani?" Hakuna anayekasirika kuulizwa hivyo. Hujamwita mwizi. Ni utaratibu wa nyumba tu. Sisi tulihamia kwenye simu tukaiacha hodi nyuma.

Basi nimeirudisha. Linki ikija, hata kutoka kwa mamangu, napiga simu ya kawaida: "Umenitumia kitu?" Akiomba pesa, nauliza jambo ambalo halimo kwenye simu yoyote, manake siku hizi hata sauti inaigwa: siku ile ya mvua tulijibanza kibanda cha nani? Namba sita zikija kwa SMS, hazitoki mdomoni wala kidoleni mwangu, hata anayeziomba alie. Nimewasha ile namba ya siri ya pili kwenye WhatsApp, ambayo huchukua dakika moja. Ukishaibiwa, ingiza namba yako upya uombe namba sita mpya, utamtoa aliyeingia. Ikiwa ameweka namba yake ya siri, utasubiri siku 7, lakini naye atakuwa nje. Pesa ikitoka kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 palepale. Na kabla ya yote hayo, sema. Piga kelele. Mpe hata mwenye kibanda ujumbe.

Chama nimekilipa. Shilingi 500 kila wiki, wiki 13, na 1,500 za boda nikazitoa mkononi mwake nikimtazama usoni. Shangazi aliwaambia kina mama ukweli mwenyewe siku ya mkutano. Hawakumtoa. Wawili wakasema na wao yashawahi kuwakuta, ila walikuwa wameficha.

Kwa kawaida mwisho wa maandishi yangu huwaambia mfowadi. Leo hapana. Ukiona kuna mtu anahitaji kusikia hii, mpigie simu umsimulie kwa mdomo wako. Mimi juzi nilimwandikia shangazi kumuomba mapishi ya mkate wa sinia. Akakaa kimya dakika mbili nzima. Halafu simu ikalia, nikapokea, na kabla sijasema salamu nikasikia:

"Hodi imepigwa huku. Mimi nani?"